Usitupe Kopo

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini mwalimu wa picha hapa Songwa asingoje kamera mpya. Vifaa vyake vipo jaani na mnadani. Achukue kopo tupu la maziwa, alitoboe kitako kwa sindano, na mdomoni awambe karatasi iliyopakwa mafuta. Watoto wajifunike shuka nzito, waelekeze tundu kwenye mti ulio juani. Kumbe, mti huonekana karatasini kichwa chini! Ndivyo kamera ifanyavyo kazi.

Marehemu Mohamed Amin alianza utotoni Dar es Salaam kwa kamera iliyokwisha tumika, ya shilingi 40. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliamsha ulimwengu, chakula kikapelekwa. Basi wazazi, mtoto akiokota kopo, mwulizeni kwanza analitakia nini.