Kompyuta za kampuni zianzie kwenye banda la majani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo mashirika na makampuni mengi hapa nchini yanalifanya hivi sasa, yaani kutoa mahesabu, ghala, mishahara na malipo ya wakulima katika madaftari na kuyaweka yote katika mfumo mmoja wa kompyuta. Siandiki kupinga. Mimi mwenyewe ni mtumishi wa Serikali, na siku hizi naiona hati yangu ya mshahara kwenye simu bila kupoteza siku nzima na nauli kwenda wilayani. Ninalolalamikia ni namna jambo hili linavyopangwa, maana mara nyingi anayepanga si yeye anayeumia.

Kijijini kwetu tunalima chai. Kampuni moja inayonunua majani mabichi kwa wakulima wadogo ilileta mizani ya kidijitali katika mabanda ya kununulia majani mwezi Januari 2024. Zamani karani alipima, akatoa uzito wa gunia, akatoa na wa maji kama majani yalichumwa na mvua, kisha akaandika kilo katika daftari lake na katika kadi ya mkulima. Mkulima alirudi nyumbani na kadi yake mfukoni. Sasa mizani inapeleka kilo moja kwa moja makao makuu, na mkulima anapata ujumbe kwenye simu. Ujumbe wenyewe ni wa Kiingereza kilichofupishwa, hata jioni watu huja kwangu niwasomee, na mimi nisome nini wakati hata aliyeuandika nadhani angehitaji mkalimani?

Mwisho wa mwezi wa kwanza malipo ya watu wengi hayakufika. Sababu haikuwa mizani wala mtandao. Ilikuwa majina. Sisi walimu tunalijua jambo hili tangu siku ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza: mtu mmoja ana jina la ubatizo, jina la ukoo, jina analoitwa na majirani, na jina lililoandikwa katika kitambulisho cha Taifa na karani aliyekuwa na haraka. Yuko mjane anayechuma shamba ambalo katika vitabu vya kampuni bado ni la marehemu mumewe. Wako wazee wanaotumia laini za simu zilizosajiliwa kwa alama za vidole vya watoto wao. Karani wa banda aliyajua yote haya kichwani, akamlipa kila mtu haki yake. Kompyuta ilipewa orodha ya zamani kama ilivyo, ikalinganisha jina na jina, haikuona kufanana, ikarudisha fedha. Walipokwenda kuuliza waliambiwa, "Mfumo ndivyo unavyosema." Mjane niliyemtaja alingoja fedha za Januari mpaka mwezi wa Mei.

Na maji je? Karani alikuwa akitazama majani na kukadiria. Mfumo mpya unakata kiasi kile kile kila siku, jua liwake au mvua inyeshe. Yawezekana kabisa kwamba kwa mwaka mzima hesabu inakuwa sawa, lakini hakuna aliyekuja kutueleza, na mtu aliyechuma juani akaona amekatwa maji haoni hesabu ya mwaka, anaona wizi.

Sasa tumetangaziwa awamu ya pili. Mikopo ya mbolea, stoo, mishahara ya wachumaji na mahesabu ya kiwanda vyote vitahamishwa kwa siku moja katika mabanda yote, na kadi za wakulima zitafutwa. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tusidhani kwamba matatizo haya ni ya kijijini tu. Kampuni ya peremende ya Hershey, huko Marekani, ilipanga kubadili mfumo wake kwa miezi 48, kisha wakubwa wakaamua ifanyike kwa miezi 30. Kazi ikaishia Julai 1999, wakati maduka yanaagiza peremende za sikukuu ya Halloween ya Oktoba. Peremende zilikuwapo ghalani, lakini kompyuta ilishindwa kuzipeleka kwa walioziagiza, na maagizo ya zaidi ya dola milioni 100 hayakutimizwa. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwezi Januari ndio wakati majani yanamiminika, na banda moja linaweza kupima mpaka usiku. Mwezi wa Juni na Julai ni baridi, majani ni machache, karani ana nafasi hata ya kupiga soga. Mtu yeyote aliyewahi kukaa bandani asingechagua Januari.

Maduka ya Lidl ya Ujerumani nayo yalianza mfumo mpya mwaka 2011, na mwaka 2018 yakauacha baada ya kutumia kiasi cha euro milioni 500. Sababu moja iliyotajwa ni ndogo ya kushangaza: wao walizoea kuhesabu mali ya ghalani kwa bei ya kununulia, na programu waliyoichagua ilizoea kuhesabu kwa bei ya kuuzia. Wakaanza kuigeuza programu ifuate desturi yao, kila siku kipande, mpaka ikawashinda. Nami nawauliza wahusika wa chai, lile suala la maji katika majani liliamuliwa lini, na nani? Ama kampuni iache desturi yake na iwaeleze wakulima, ama programu ifuate desturi. Uamuzi huo ni wa watu wa kazi, na hufanywa kabla fedha hazijalipwa. Fundi wa kompyuta hawezi kuachiwa peke yake, kwa kuwa hata gunia la majani hajapata kulibeba.

Juu ya kuhama kwa siku moja, benki ya TSB ya Uingereza ilifanya hivyo mwezi Aprili 2018. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao. Mwaka 2022 benki hiyo ilitozwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48.

Lakini linalonitisha zaidi ni la Shirika la Posta la huko huko Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 mawakala wake waliwekewa mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Mfumo ulikuwa na kasoro, ukaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wakala akipiga simu kueleza, haaminiwi. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa jela, wengine wakafilisika kwa kulipa fedha ambazo hawakuzichukua. Mahakama Kuu ilikuja kukubali mwaka 2019 kwamba mfumo ulikuwa na makosa, na mwaka 2024 Bunge lao likatunga sheria ya kufuta hukumu hizo. Miaka 25! Sasa mfikirie karani wetu wa stoo ya mbolea. Siku kompyuta itakaposema mifuko 400 na yeye ana mifuko 380, ataaminiwa nani? Ikiwa daftari limekwisha kufutwa, karani hana ushahidi hata wa kujitetea mbele ya mkewe.

Wazee waliokuwa Serikalini watakumbuka ya kwetu wenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuingiza mahesabu ya Serikali katika kompyuta lilikwenda vibaya, hata mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla mlango haujafunguliwa sawasawa. Kwa maoni yangu marufuku ile ilitugharimu kuliko hasara yenyewe, lakini naielewa. Hapa kijijini wako wanaosema sasa afadhali wang'oe chai wapande parachichi, na ukiwauliza kwa nini, hawataji bei, wanataja simu.

Basi wahusika wafanye hivi. Kabla ya awamu ya pili waje na orodha ya majina, isomwe hadharani katika mkutano wa kijiji, kila mtu asahihishe lake, na mashamba ya marehemu yaandikwe kwa wanaoyalima baada ya familia kukubaliana. Ni kazi ya siku mbili kwa kijiji, na Afisa Mtendaji wa Kijiji yupo. Waanze na banda moja, tena mwezi wa Juni. Karani wa banda hilo na mchumaji mmoja wakae katika kamati ya kupanga, na walipwe posho kama wataalamu wengine. Ujumbe wa simu uandikwe kwa Kiswahili: kilo ulizoleta, kilo zilizokatwa na kwa nini, zilizobaki. Daftari na kompyuta viende pamoja kwa msimu mzima, na kila Jumamosi vilinganishwe mbele ya wawakilishi wa wakulima. Pakiwa na tofauti, asikatwe mtu mshahara wala kupelekwa polisi mpaka mizani na mfumo vimekaguliwa na mtu asiye wa kampuni iliyouza mfumo.

Najua nitajibiwa kwamba kuandika mara mbili ni gharama. Ni kweli, karani atachelewa nusu saa kwa siku, pengine saa nzima wakati wa mvua. Kampuni iliyopata fedha za kununua mizani kwa mabanda yote haiwezi kushindwa kumlipa karani saa hiyo moja.

Kwa sasa, wakati tunangoja majibu, kadi zisikusanywe. Tangazo lililobandikwa bandani linasema zirudishwe kabla ya mwisho wa mwezi huu, na baadhi ya watu wamekwisha anza kuzirudisha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nyanda za Juu Kusini.