Mtandao wa Vihisi Usioijua Ngozi Yetu

Leo nina ugomvi, tena na waandishi wenzangu wa programu.

Kila wakisifia tiba ya masafa, sifa ni zile zile: vihisi havina nyaya, betri inadumu, data inamfikia daktari papo hapo. Hilo si geni. Mradi wa CodeBlue wa Chuo Kikuu cha Harvard ulikuwa ukirusha mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni hewani tangu miaka ya 2000. Kusafirisha data tunajua. Je, data yenyewe ni ya kweli?

Chukueni kile kifaa cha kubana kidole. Hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kidoleni, kisha hukadiria oksijeni ya damu kutokana na mwanga uliofyonzwa. Melanini, rangi ya ngozi yetu, nayo hufyonza mwanga! Desemba 2020, Sjoding na wenzake walichapisha utafiti katika New England Journal of Medicine. Kwa wagonjwa wa Chuo Kikuu cha Michigan ambao kifaa kiliwasomea 92% hadi 96%, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88% katika 11.7% ya vipimo vya weusi. Kwa weupe? 3.6%.

Tusishangae. Mwongozo wa FDA ya Marekani wa 2013 ulitosheka na watu 10 wa majaribio, wawili wakiwa na ngozi nyeusi. Rasimu ya Januari 2025 ndiyo iliyopendekeza 150 au zaidi.

Mtaniambia hospitali nazo hutumia kifaa hicho. Kweli, lakini pale wodini muuguzi humwona mgonjwa akihema na kutoka jasho, akaitilia shaka namba. Daktari aliye mbali ana namba tu. Programu ikisema 94, kengele hailii, na mgonjwa anaachwa nyumbani.

Basi kaunti isinunue kihisi kabla muuzaji hajaonyesha matokeo ya majaribio kwenye ngozi nyeusi. Nasi tunaoandika programu tusiweke kikomo kimoja cha kengele tukaenda kulala. Tuonyeshe namba inavyoshuka saa hadi saa, kasi ya kupumua, na nafasi ya mhudumu wa afya ya jamii kuandika anachokiona.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiki tunalazwa sisi. Mbona hatuulizi?