Je, Agano la Kale Limekwisha Kazi kwa Wakristo?

Katika mazungumzo ya dini yanayofanyika kila siku kwenye vibaraza vya Jangwani na maduka ya Kariakoo, kuna jibu moja ambalo limekuwa kama komeo la mlango. Mwislamu akimtajia jirani yake Mkristo hukumu ya nguruwe katika Mambo ya Walawi sura ya 11, hujibiwa: "Hilo ni Agano la Kale." Akitaja tohara, jibu ni hilo hilo. Tangu enzi za mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990 hapa Dar es Salaam, jibu hili limesikika mara nyingi mno. Sisi tunaona kwamba likichukuliwa kwa maana yake kamili, linawanyima ndugu zetu Wakristo hazina kubwa, na hasara yake inafika hadi sokoni, ambako sote tunauza na kununua.

Kwanza tuwe waadilifu. Wakristo wenye elimu hawasemi kwamba kitabu kizima kimefutwa. Wao huzigawa sheria za Musa katika mafungu matatu: za ibada, za mahakama na za maadili. Husema kwamba zile za ibada zimekoma, na hutegemea Matendo ya Mitume sura ya 15, ambamo waumini wasio Wayahudi hawakutwishwa tohara. Wapo pia Wasabato, waliofika Upareni mwaka 1903, ambao hadi leo hawali nguruwe kwa sababu ya maandiko hayo hayo. Basi lile jibu la kibarazani silo fundisho la makanisa.

Wala halikuwa fundisho la Yesu (a.s.). Katika Mathayo sura ya 5 alieleza waziwazi kwamba hakuja kuitangua Torati. Mwenyezi Mungu naye anatufahamisha katika Sura Al-Maida kwamba Isa mwana wa Mariamu alikuja kuisadikisha Taurati iliyokuwa kabla yake. Na Paulo alipomkumbusha Timotheo maandiko aliyoyajua tangu utotoni, Agano Jipya lilikuwa bado halijakusanywa. Maandiko aliyolelewa nayo kijana huyo ni yale ya Kiebrania.

Alitokea mtu mmoja, Marcion, aliyefundisha kwamba maandiko ya Kiebrania yatupwe yote. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Kwa hiyo anayesema leo kwamba Agano la Kale halina kazi, anafufua rai ambayo Kanisa lenyewe liliihesabu kuwa uzushi.

Lakini faida ya maandiko hayo kwa Mkristo wa leo ni ipi? Hebu tuchukue mambo mawili tu yanayowagusa wakazi wa mitaa yetu.

La kwanza ni deni. Kila mtu hapa mjini anaijua mikopo inayoitwa "kausha damu". Mama lishe hukopeshwa fedha kidogo kwa riba kubwa. Akichelewa kulipa, huchukuliwa jiko, cherehani au kitanda. Ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayomtaka mkopeshaji awe na leseni, lakini leseni peke yake haitii huruma moyoni. Sasa Mkristo na afungue Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Atakuta imekatazwa kuweka rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa anayelichukua anachukua uhai wa mtu. Je, cherehani ya mjane si jiwe lake la kusagia? Na afungue Kutoka sura ya 22: nguo ya maskini iliyowekwa rehani irudishwe kabla jua halijachwa, maana ndiyo anayojifunika usiku. Amri hizi hazikurudiwa katika Agano Jipya kwa ufafanuzi kama huu. Akilifunga Agano la Kale, amezifungia humo.

Pengine atasema hizo zilikuwa sheria za mahakama za Waisraeli. Lakini Zaburi ya 15 na Ezekieli sura ya 18 zinaihesabu riba katika mambo yanayompambanua mwenye haki na mwovu. Huo ni uchamungu. Ndivyo walivyoelewa maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325, walipowakataza makasisi kula riba, wakiitegemea Zaburi hiyo hiyo.

La pili ni mizani. Mambo ya Walawi sura ya 19 inaamuru mizani ya haki na vipimo vya haki. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakipunguza kipimo na kuongeza bei, huku wakiingoja kwa hamu siku takatifu ipite wapate kuuza. Anayejua lumbesa ya viazi na kopo lililobonyezwa kitako ataona kwamba Amosi angeweza kusimama Kariakoo asubuhi ya leo bila kubadili neno.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba makanisa mengi husisitiza fungu la kumi kwa kusoma Malaki sura ya 3, na hapo hatusikii mtu akisema, "Hilo ni Agano la Kale." Basi ikiwa Malaki anafaa wakati wa kutoa sadaka, kwa nini Amosi asifae wakati wa kupima mchele?

Nasi Waislamu tunayo sehemu yetu. Tunaamini kwamba maandiko hayo yameingiliwa na mikono ya watu, lakini hatusemi kwamba nuru yote imezimika ndani yake. Johann Ludwig Krapf alipoanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi Mwislamu. Haifai basi kuyatumia maandiko hayo kama jiwe la kumpigia jirani kwa habari ya nguruwe tu, kisha tukanyamaza yanapozungumzia riba na kipimo. Sura Al-Mutaffifin imeanza kwa kuwatangazia adhabu kali wapunjao, na Sura Al-Baqara inatutaka tumpe muda mdaiwa aliye katika dhiki. Muuza duka Mwislamu anayebonyeza kopo hana hoja ya kumpa Mkristo yeyote.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu Wakristo wayafungue tena maandiko ya Musa na manabii, na wayasome kama Yesu (a.s.) alivyoyasoma. Nasi tusimame pamoja nao pale maandiko yao na Kurani Tukufu yanapomlinda mnyonge mmoja. Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza vipimo na kuwahurumia wadaiwa wetu. Amin.