Shilingi ya Marsabit inakuwasha nini?

MTU mmoja, kura moja, shilingi moja! Wimbo huo umeusikia, kijana mwenzangu. Uliimbwa mwaka 2020 Seneti ilipokwama kura baada ya kura juu ya mgao wa pesa za kaunti. Ukaimbwa tena 2024, na baadhi ya waimbaji siku hizi wamekuja kukaa upande wetu wa upinzani wakitaka tuwapigie makofi. Maana yake ni kwamba wewe wa Kayole, Mathare au Kawangware unaonewa, kwa kuwa pesa zako zinapelekwa kulisha mawe na ngamia kule kaskazini.

Basi leo twende huko kwenye mawe. Nauli nalipa mimi, maana ni nauli ya kalamu.

Marsabit ina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 71,000. Chukua Rwanda, chukua Burundi, ziunganishe, bado Marsabit inazizidi. Nairobi yote, kutoka Karen mpaka Ruai, ni kama 700. Yaani Nairobi mia moja zingeingia ndani ya kaunti hiyo moja. Sasa njoo kwa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 459,785 Marsabit na 4,397,073 Nairobi. Katika kila kilomita ya mraba wewe umebanana na wenzako zaidi ya 6,000. Marsabit ni watu sita. Sita! Hawajazi hata nusu ya matatu ya abiria 14.

Mwenye wimbo akisikia hesabu hiyo hucheka na kusema, mnaona, hakuna watu. Ngoja kwanza, mheshimiwa. Wastani ni mwongo mkubwa. Marsabit si sahani tambarare ambayo watu wamenyunyiziwa juu yake kama chumvi. Ni nyanda za mawe meusi ya volkano na jangwa la Chalbi, na kati yake milima imechomoza kama visiwa baharini. Kuna Mlima Marsabit wenyewe, volkano iliyozimika zamani, wenye msitu, ukungu wa asubuhi, tembo na maziwa ndani ya kreta. Kuna Kulal, unaopita mita 2,200, ukilitazama Ziwa Turkana kutoka juu. Kuna vilima vya Hurri kuelekea mpaka wa Ethiopia. Kaunti nzima haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, na sehemu nyingi za chini mvua ya mwaka haifiki milimita 250. Kwa hiyo watu hujibana mlimani penye maji na shamba, na wanaobaki chini hufuata malisho pamoja na mifugo yao. Warendille, Wagabra, Waborana, Waburji, Wasamburu, Waturkana, Wadasanach, Waelmolo. Sisi wa mjini tumewapachika wote jina moja la "watu wa kaskazini", tukamaliza.

Mahali pa maji pakiwa pachache, watu sita kwa kilomita wanaweza kuwa wengi mno. Maji, malisho na viti vya siasa vimemwaga damu huko. Julai 2005 kule Turbi waliuawa makumi ya watu, na watoto wa shule wakiwemo. Aprili 2006 ndege iliyowabeba wabunge waliokuwa wakienda kupatanisha ilianguka Marsabit, ikaua watu 14, Bonaya Godana akiwa mmoja wao. Mei 2022 serikali ikaweka kafyu. Ukisoma tena kwamba "nchi ni tupu", kumbuka kwamba watu hawapigani hivyo kwa ajili ya utupu.

Sasa turudi kwenye shilingi. Tuseme tunataka kila Mkenya awe na zahanati asiyotembea zaidi ya kilomita 10 kuifikia. Chora duara la kilomita 10 kila upande. Eneo lake ni kilomita za mraba 314. Nairobi duara hilo lina watu karibu milioni 2. Marsabit lina 2,000 hivi. Lakini muuguzi ni yule yule, friji ya chanjo ni ile ile, mshahara ni ule ule, na lori la dawa linakwenda mbali zaidi. Ukigawa shilingi kwa vichwa peke yake, umemwambia mama wa North Horr ajifungue njiani. Hakuna tafsiri nyingine, hata mkiimba kwa sauti nzuri namna gani.

Wala mambo haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Mkoloni aliifungia sehemu hiyo kama wilaya ya mpakani, ya kuingia kwa kibali. Halafu tukapata Uhuru, na mwaka 1965 serikali yetu wenyewe ikaandika Waraka Namba 10: pesa za maendeleo ziende penye ardhi nzuri, mvua, barabara na stima tayari, ili zizae haraka. Aliyekuwa nacho aliongezewa. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikuja kukamilika zaidi ya miaka 50 baada ya bendera kupandishwa. Kabla ya hapo msafiri wa Marsabit alipanda lori juu ya mifugo, na akiuliza nauli husema anakwenda "Kenya". Tulidhani ni mzaha.

Lakini upepo wao tuliuona upesi. Karibu na Loiyangalani kuna mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Umeme huo ulianza kuingia kwenye gridi ya taifa 2018, ukisafiri kwa waya zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa, upate kuchaji simu yako na kuwasha kinyozi chako. Waya zilipita juu ya manyatta zisizo na balbu, na mji wa Marsabit wakati huo ulikuwa ukiwashwa kwa jenereta za dizeli. Ardhi yenyewe ni ekari 150,000. Oktoba 2021 mahakama ya ardhi kule Meru iliamua kwamba hati zake hazikupatikana kwa njia halali, ingawa kesi haikuishia hapo. Kwa nini hakuna aliyeimba siku hiyo: upepo mmoja, shilingi moja?

Sisemi wewe wa Mathare huna madai. Unayo, tena ya haki. Nairobi ina viti 17 vya ubunge na Marsabit vinne, na ukigawa utaona mbunge wako anabeba watu zaidi ya mara mbili ya yule wa Marsabit. Katiba imeruhusu tofauti hiyo kwa makusudi, lakini yule wa North Horr naye anazunguka eneo kubwa kuliko Rwanda yote. Wala sisemi magavana wa huko ni malaika. Pesa za ugatuzi zimeliwa kaskazini kama zilivyoliwa kusini, na mwizi wa Marsabit afungwe pamoja na mwizi wa Nairobi, seli moja, wapate kuzoeana.

Ila angalia hesabu wanayokuficha. Katika kanuni ya 2020, ukubwa wa ardhi ulipewa asilimia 8 tu ya mgao. Idadi ya watu ilipewa 18. Hiyo asilimia 8, inayogawanywa kwa kaunti zote 47, ndiyo wanayotaka uitokee mishipa ya shingo. Katiba nayo inasema kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Zilizobaki zinakaa hapo hapo Nairobi, kilomita chache kutoka kibandani kwako, kwenye maofisi ya ghorofa ambayo askari wa getini hakuruhusu kuingia.

Atakapokuja mheshimiwa Jumapili na kipaza sauti chake, usimuulize ngamia wa Marsabit wanakula shilingi ngapi. Muulize magari yake matano ya msafara yamekunywa petroli ya nani, na sehemu ya ile 85 iliyotengewa vijana wa mjini imefika mtaa gani.