Sanduku ya bati si makumbusho



Kila mara tukizungumza mambo ya mila, tunaanza na Tervuren. Tuna haki. Mwaka 1884 watu wa Storms, Mbelgiji aliyekaa Mpala, walimuua sultani Lusinga, na sanamu yake ikapelekwa Ulaya. Baadaye mjane wa Storms aliitoa zawadi kwa makumbusho ya Tervuren. Lakini tuulizane: namna gani tunajua mambo hayo? Kwa sababu yaliandikwa. Aliyenyang'anya aliandika, sisi tunaopewa kwa moyo mzuri, hatuandiki.

Hapa Kalemie nilimuona mama mzee akiletea kikundi kimoja cha mji shati ya kazi ya bwana yake marehemu, aliyekuwa mfumaji wa Filtisaf. Ilikuwa na kiraka begani. Walimpigia makofi, wakaikunja, wakaitia ndani ya sanduku ya bati pamoja na naftalini, basi. Hakuna aliyemuuliza: kitambaa kilifumwa palepale kiwandani? Aliivaa miaka gani? Kile kiraka, nani alishona? Mama amekwisha kufa. Shati ipo, lakini sasa haina tofauti na shati yoyote ya kauka sokoni.

Wengine wananijibu: «Mwalimu, ile si mila, ni nguo ya kiwanda.» Eti mila ni rafia na magome ya miti tu! Basi hata abakosi si historia? Ilivaliwa wakati wa Mobutu, tai imekatazwa, mpaka Aprili 1990 tai ikaruhusiwa tena. Abakosi ya mwalimu iliyochakaa viwiko na ile ya mkubwa wa MPR ni habari mbili. Bila jina la mvaaji, utazitofautisha namna gani?

Wengine wanalia feza. Feza ya nini? Daftari moja na kalamu ya risasi. Kila nguo ipewe namba, iandikwe juu ya kipande cha pamba, kishonwe kwa uzi laini mishono miwili. Gundi hapana, pini hapana, itashika kutu. Msikimbilie kufua: jasho na doa la mawese navyo vinasema. Plastiki inafunga unyevu, ukungu unaota. Amerikani iliyofuliwa bila wanga inatosha kufungia. Na sanduku lisikae chini. Mwaka 2024 maji ya ziwa yaliingia mu nyumba za watu, wote tuliona. Tena mwenye kutoa atie sahihi, au kidole, aseme kama ametoa kabisa ao ameazimisha tu, juu kesho watoto wake watakuja kudai.

Wafumaji wa Filtisaf wamebaki wachache. Kile kikundi kifungue sanduku yake juma hili. Binti ya yule mama angali anaishi katika mtaa uleule. Pengine anakumbuka nani alishona kiraka.