Kwa Waliowasomesha Wahitimu wa Kivu

Wazazi, ndugu na wadogo zetu wa Goma, Bukavu, Uvira na Butembo,

Ninaandika kutoka Brussels, mtaa wa Matonge, ambako Wakongo wa ughaibuni hukutana kusuka nywele, kununua pondu na kuulizana habari za nyumbani. Barua hii inahusu wahitimu wa mwaka 2025, waliomaliza chuo Goma na Bukavu zikiwa mikononi mwa waasi. Inawaendea waliowalea na kuwalipia, kwa sababu huku wanaotuma pongezi ni wengi, lakini wachache wanaouliza vijana hao walifikaje mwisho.

Walioingia mwaka wa kwanza mwishoni mwa 2022 walikuwa bado sekondari wakati Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 13 Juni mwaka huo. Walipoanza masomo, Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma, palikuwa pamejaa mahema ya waliokimbia Rutshuru. Mwaka wa pili wao, tarehe 3 Mei 2024, mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi upande wa Mugunga, yakaua akina mama na watoto. Mwaka wa tatu, tarehe 27 Januari 2025, M23 wakaingia Goma penyewe. Umeme ulikatika, maji yakakatika, maiti zikalala barabarani. Februari ilipofika katikati, Bukavu nayo ikachukuliwa. Mwezi huohuo Waziri Mkuu Judith Suminwa aliliambia Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva kwamba watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameuawa mashariki mwa nchi tangu mwaka uanze.

Miaka mitatu, licence moja ya chuo.

Masomo yaliendelea hata hivyo, na hilo watu wa huku hawalielewi kwa urahisi. Wapo wanaodhani vita hufunga kila kitu, na mji ukitekwa maisha husimama mpaka utakapokombolewa. Kumbe mwalimu wa Goma alirudi darasani, mwanafunzi akatafuta mahali penye moto wa kuchaji simu, msimamizi akasoma kazi za utafiti ukurasa kwa ukurasa. Kilichosimama ni benki. Zilifungwa waasi walipoingia, na mji ambao ada za chuo hulipwa kwa dola ukabaki bila mahali pa kuchukua dola. Watu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutoa fedha zao wenyewe, au wakategemea mawakala wa simu ambao noti zenyewe walikuwa nazo kwa shida. Fedha iliyotoka Brussels au Montréal ilifika kwenye simu kwa dakika chache, kisha ikakaa humo. Mama anayeuza samaki Birere hakuwa na simu ya kungojea hivyo. Alilipa kidogokidogo kwa noti alizoshika mkononi, na joho la mwanawe limetokana na noti hizo.

Uwanja wa ndege wa Goma nao ulifungwa tangu siku zile za Januari. Kwa mhitimu, uwanja huo ulikuwa na maana kubwa kuliko safari. Shahada ya chuo kikuu Kongo hutimia inapotambuliwa na wizara ya elimu ya juu, na wizara hiyo iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma. Anayetaka kuifikia hupita kwanza nchi jirani. Kijana amesoma, amefaulu, jina lake limesomwa mbele ya watu, na bado karatasi yake inategemea mstari wa vita ambao hakuuchora.

Mwezi Juni 2025, wahitimu hao walipokuwa wakimalizia kazi zao, jina la kijana mmoja wa Goma lilitajwa Roma. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasomea sheria, akapata kazi katika OCC, ofisi ya Serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Akapangiwa mpakani. Chakula kilichoharibika kilipoletwa kuvushwa, alikataa kukipitisha, akakataa na rushwa aliyopewa ili afumbe macho. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri, na Wakongo wa Ulaya wakafika kwa wingi. Goma yake siku hiyo ilikuwa chini ya waasi.

Habari zake zinapasa kusimuliwa kwa wahitimu, wawe Wakatoliki au la. Vita vya Kivu huelezwa kila mara kwa majina ya majenerali na ya madini, koltani ya Rubaya ikitajwa kuliko watu wa Rubaya. Floribert aliuawa kwa sababu ya gunia la chakula kibovu, naye ndiye mwenye muhuri aliyekataa kuugonga. Mahali ambapo ofisa mwadilifu anaweza kuuawa hivyo, silaha zikinyamaza tu kazi haijaisha. Wahitimu wa sheria, uhasibu, kilimo na uuguzi wa 2025 ndio watakaokaa kwenye meza kama yake. Kuwaombea amani ni pamoja na kuwaombea mshahara unaofika, mkuu wa kazi anayewatetea na mahakama inayofanya kazi.

Mikataba haijakosekana. Ule wa tarehe 23 Machi 2009, ambao M23 walichukua jina lake, ulidumu miaka mitatu tu kabla ya uasi wa 2012: aliyeanza graduat, masomo ya chuo ya miaka mitatu, siku unasainiwa aliimaliza Goma ikikaribia kutekwa na M23 kwa mara ya kwanza. Baada yake likaja tamko la Nairobi la Desemba 2013, na mapigano yakarudi Novemba 2021. Mwaka 2025 peke yake ulileta mkataba wa Washington wa tarehe 27 Juni kati ya Kongo na Rwanda, tamko la Doha la Julai kati ya Serikali na M23, kisha tarehe 4 Desemba marais Tshisekedi na Kagame wakakutana Washington mbele ya Donald Trump. Haikupita wiki moja, waasi wakaingia Uvira, na maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Hata baada ya waasi kutangaza kuondoka, nani angemlaumu mwanafunzi wa Uvira akisita kufungua madaftari yake?

Amani ya kudumu, kwa kipimo cha barua hii, ni ile inayomchukua mtoto kutoka darasa la kwanza mpaka chuo kikuu bila kufungasha vyombo. Kivu haijaiona tangu 1996.

Huku ughaibuni nako kuna la kusemwa waziwazi. Simu zilezile zinazotuma ada zinasambaza pia video za maiti na maneno ya kuwaita majirani nyoka. Katika ukumbi mmoja wa chuo Goma wamekaa Mnande, Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mshi na Mrega, wakinakiliana maelezo ya mwalimu yaliyowapita kwa haraka. Anayeketi salama Ulaya na kuandika kwamba kabila fulani lirudi kwao anamfanya mhitimu mmoja aogope kumpigia simu mwenzake wa darasani. Wazee wa jumuiya zetu hapa wanapaswa kulikemea jambo hilo mbele ya watu, kanisani na kwenye vikao vya matanga, hata pale msemaji anapokuwa ndugu.

Na kuna la kufanya leo, wala halingoji Doha. Vita vya Kivu vimeteketeza karatasi nyingi: nyumba zimechomwa, ofisi zimeporwa, watu wamekimbia na walichovaa. Anayeomba shahada yake itambuliwe Ubelgiji huombwa shahada yenyewe na matokeo ya kila mwaka wa masomo, na aliyeyapoteza huhangaika sana. Kwa hiyo kila mhitimu apige picha safi za shahada, matokeo ya kila mwaka, diploma ya Serikali ya sekondari na cheti cha kuzaliwa, kisha awatumie ndugu wawili wanaoishi miji tofauti. Kazi ya utafiti itumwe pia, pamoja na barua ya msimamizi ikiwa ipo. Wasio na simu yenye kamera nzuri wasaidiwe na wenzao wa mwaka mmoja. Upande wa huku, wanaozipokea wazihifadhi kwa jina kamili na mwaka, wasizionyeshe watu wengine, na wampe mhitimu neno la siri ili azifikie popote atakapokuwa.

Ndugu yenu,
Matonge, Brussels