Jua Nalo Linaua

Tunapozungumzia usalama wa watu wenye ualbino nchini Tanzania, fikra zetu hukimbilia panga na ramli. Ni haki kuyakasirikia mauaji hayo. Lakini hasira hiyo imetupa kisingizio cha kumsahau muuaji mwingine, asiyejificha wala kuwakimbia polisi: jua.

Ngozi isiyo na melanini ya kutosha haina ngao dhidi ya mionzi. Madoa yanayoanza utotoni huwa vidonda, vidonda hugeuka saratani, na wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Hii si laana wala fumbo. Chanzo kinajulikana, na kinga inajulikana: kofia pana, mikono mirefu, kivuli, uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara na mafuta ya kujikinga na jua.

Wala hatuwezi kudai kwamba utaalamu haupo. Pale Moshi, katika kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa KCMC mwaka 1992, wataalamu wametengeneza mafuta ya Kilisun mahususi kwa ngozi hizi na kwa jua hili letu. Watafiti wametimiza wajibu wao. Swali linaihusu dola.

Kwa nini basi mafuta hayo yaendelee kuonwa kuwa kipodozi, au sadaka ya mfadhili? Kila tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Kukuza Uelewa kuhusu Ualbino, chupa na kofia hugawiwa mbele ya kamera. Chupa huisha baada ya majuma machache. Jua halina likizo. Nani angethubutu kumpa mgonjwa wa kisukari insulini siku ya sherehe tu, kisha akaiita hiyo huduma ya afya?

Wapo watakaojibu kwamba bajeti ni finyu. Watueleze, basi, kama upasuaji, tiba ya mionzi na mazishi ni vya bei nafuu.

Mafuta haya yahesabiwe kuwa dawa, yaagizwe kwa idadi ya wahitaji, yapatikane katika zahanati bila malipo mwaka mzima. Kanuni za sare za shule ziruhusu kofia na mikono mirefu, na mtoto mwenye ualbino asisimamishwe mstarini juani. Haki ya kuishi haikomi pale panga linaposhushwa.